MGB ya rali ya kihistoria: yanayosemwa, na yaliyo chini ya rangi

MGB, gari dogo la michezo, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Ukijumlisha za wazi na zile za GT zenye paa, zaidi ya laki tano zilitoka kiwandani. Wengi wanaotaka kuonja rali za magari ya zamani huanzia hapo, na maneno ya vijiweni juu yake hayaishi.

"Rali ni kukanyaga mafuta tu."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Rali nyingi za kihistoria za Ulaya ni za kulinda muda. Zinapita barabara za umma, na Uingereza wastani unaopangwa hauzidi maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48 hivi. Cheka ukitaka. Sasa fikiria ni usiku, kinjia chembamba cha kona tupu, mmepangiwa kilomita 45 kwa saa, na kituo cha ukaguzi kimefichwa. Tuseme kiko kilomita 7.5 kutoka mlipoanzia: mnatakiwa kufika dakika ya kumi kamili. Mkitangulia sekunde nane mnakula adhabu, sawa na waliochelewa. Anayetoa jasho ni msoma ramani, penseli mkononi na saa mbele yake: "Tumetangulia mbili. Legeza. Haya, shika hapo hapo." Odomita, kile kipima umbali, ikidanganya kidogo tu, hesabu yote imekufa.

Zipo ambazo ni mbio kweli, kama East African Safari Classic iliyoanza 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza. Huko ni habari nyingine, na gari huandaliwa vingine.

"Lile ni gari la kutembezea mchumba."

Januari 1964, Donald na Erle Morley, mapacha na wakulima, waliipeleka MGB kwenye rali ya Monte Carlo wakashinda kundi la GT. Mwaka 1966 Andrew Hedges na Julien Vernaeve wakashinda nayo mbio za Marathon de la Route kule Nürburgring, Ujerumani. Saa 84. Mchumba gani huyo?

"Limeng'aa, basi limepona."

Huu ndio uongo wenye gharama kubwa kuliko yote. MGB haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mgongo, na mzigo unabebwa na visanduku vya bati vilivyo chini ya milango. Vinaoza kwa ndani. Fundi mjanja hupachika bati jipya juu ya lililooza, anapiga puti, anapulizia rangi nyekundu, na gari linapendeza kwenye picha. Njia ya haki inauma: visanduku hivyo vinaendelea nyuma ya madigadi ya mbele, kwa hiyo sehemu ya chini ya madigadi nayo ikatwe. Na kabla msumeno haujagusa kitu, nafasi ya mlango ichomelewe fito za chuma ili bodi isijikunje. Ukizisahau, siku ya kurudisha milango haifungi, na hapo hata puti haisaidii.

Mimi nikiitiwa gari la namna hii sifungui boneti kwanza. Natazama upenyo kati ya mlango na bodi. Ukiwa umebana juu kuliko chini, mgongo umelegea, hata rangi iwe ya jana.

"Spea zake hazipatikani tena."

Tangu 1988 British Motor Heritage wanatengeneza bodi nzima, mpya, kwa mashine za kiwandani za zamani. Tuendelee.

"Umeme wa Lucas ni laana."

Lucas ndiye aliyetengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, na Waingereza wenyewe humtania kwamba ni Mkuu wa Giza. Lakini mara nyingi kosa ni waya wa ethi ulioshika kutu kwa miaka 60. Lawama nyingine hata si zake: pampu ya petroli ni ya SU, kampuni nyingine. Inakaa karibu na tairi la nyuma la kulia, na platini zake zina tabia ya kugandana. Gari linazima, dereva anashuka, anaigonga kwa mpini wa bisibisi, nayo inaanza tena tiki-tiki-tiki. Kwa rali, wengi hufunga ya pili ya akiba yenye swichi yake. Si ushamba, ni kujua unaishi na nani.

"Ipachike injini kubwa ya kisasa."

Fanya hivyo kama hutaki kupokelewa kwenye rali. Gari linatakiwa libaki la enzi zake, na injini yake ni ya cc 1798. Kinachoongezwa ni kinga: bamba la chuma chini ya sampu (bakuli la oili ya injini), swichi kuu ya kukata umeme, kizima moto.

"Petroli ya siku hizi inaua injini za zamani."

Ya risasi, iliyokuwa ikilinda siti za valvu, iliondoka kwenye vituo vya Uingereza 2000, na siti ngumu za valvu zikamaliza shida hiyo. Cha kuogopa ni E10, petroli yenye ethanoli iliyoingia huko 2021, kwa sababu inakula mipira ya mafuta ya zamani. Na kwenye MGB kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya eksozi. Mpira ukivuja, tone linajua pa kudondokea.