Arceus Hayumo Ndani ya Kaseti ya Mgao

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniwekea mezani kaseti ya Nintendo DS, ile mashine ya gemu ya mkononi, isiyo na picha, kibandiko chake maandishi matupu. Ilikuwa kaseti ya mgao, moja ya zile zilizokaa kwenye maduka ya Toys "R" Us huko Marekani kuanzia tarehe 7 hadi 15 Novemba 2009, Arceus, mmoja wa wanyama wa gemu za Pokémon, alipokuwa akigawiwa kwa wenye matoleo ya Diamond, Pearl na Platinum. Kwa bei aliyoinunulia mtandaoni angepata DS tatu nzima.

"Fundi, humu ndani mna Arceus. Nataka umtoe, umhamishie kwenye Diamond yangu."

Nikachomeka kaseti yake kwenye DS moja na Diamond yake kwenye nyingine, nikafungua Mystery Gift, sehemu ya gemu ya kupokelea zawadi, nikachagua kupokea bila waya. Haikufika dakika. Kijana akaichukua ile kaseti ya mgao, akaigeuza huku na huku, akauliza: "Sasa imebaki tupu?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno, na kila mara huwa limetanguliwa na mtu kutoa pesa ambazo hakupaswa kutoa. Nimelieleza kwa mdomo hadi nimechoka, basi leo naliandika, pamoja na dhana nyingine potofu za wateja; kila dhana nimeiweka kwenye alama za nukuu, jibu langu chini yake.

"Kaseti ya mgao ndiyo inayobeba mnyama, au kisiwa, au hafla yenyewe"

Hapana. Kaseti ya gemu ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kubwa, imeandikwa kiwandani, na haiandikiki tena milele: kwa Emerald, Pokémon ya mashine ya zamani ya Game Boy Advance (GBA), ni megabaiti 16, kwa Diamond megabaiti 64. Ya pili ni ndogo, ndiyo inayotunza sevu yako, yaani pale ulipofikia kwenye gemu: kilobaiti 128 kwa Emerald, 512 kwa Diamond. Duka lolote, hafla yoyote, mashine yoyote ya mgao iliweza kugusa hiyo ndogo peke yake. Hakuna aliyewahi kuingiza kisiwa kipya ndani ya Emerald kwa njia ya hewani, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukiweka. Kilichoruka kutoka DS ya dukani hadi DS ya mtoto aliyesimama kwenye foleni kilikuwa kadi ya baiti 856. Aya hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko hizo. Picha ya Arceus akitazama mbele, picha yake kwa nyuma, mlio wake, nguvu zake, orodha ya mapigo anayoweza kujifunza, vyote vilichapwa kiwandani ndani ya kila Diamond iliyouzwa, pamoja na ile uliyoiokota sokoni kwa bei ya soda.

Basi hizo baiti 856 zina nini? Zina maneno ya kadi unayoyasoma kwenye skrini, na zina rekodi. Kama zawadi ni mnyama, rekodi yake ni baiti 236: namba ya aina yake, jina la mwenye kumgawa, namba ya utambulisho, kiwango, mapigo manne. Gemu inasoma namba 493, inaingia kwenye ghala lake lenyewe, inamtoa Arceus na kumsimamisha mbele yako. Kama zawadi ni tiketi, basi kilichokuja ni kidogo zaidi: kitu kimoja cha kuweka mkobani na alama moja ndani ya sevu inayosema "huyu aruhusiwe". Aurora Ticket ya Emerald, kwa mfano, haikuleta kisiwa cha Birth Island wala mnyama wake, Deoxys. Kisiwa kilikuwapo, Deoxys alikuwa amekaa palepale akingoja, na nahodha wa meli ndiye aliyekuwa hajapewa ruhusa ya kukuchukua.

Anayebisha namwonyesha Emerald ya Kiingereza. Ndani yake kuna Faraway Island, na kisiwani kuna Mew anayejificha kwenye majani marefu. Tiketi ya kwenda huko, Old Sea Map, haikugawiwa kamwe kwa toleo la Kiingereza. Kama mgao ndio unaoleta kisiwa, hicho kisiwa kilifikaje humo? Halafu kuna Azure Flute, filimbi ya kumwita Arceus: ngazi, ukumbi, pambano lenyewe, vyote vimo ndani ya Diamond, Pearl na Platinum. Filimbi hiyo haikugawiwa kwa gemu hizo popote duniani. Wale wa mwaka 2009 walipewa Arceus mkononi, na mlango wake ukabaki umefungwa huku chumba kikiwa kimeshajengwa.

Jambo hili ni la tangu mwanzo. Shigeki Morimoto, mmoja wa watengenezaji, alimwingiza Mew kwenye Red na Green za Japani, Pokémon za kwanza kabisa, dakika za mwisho, katika nafasi ya takribani baiti 300 iliyobaki baada ya zana za majaribio kuondolewa. Gemu zikaingia madukani Februari 1996, Mew akiwa ndani ya kila kaseti, na wanunuzi hawajui. Jarida la CoroCoro lilipotangaza kwamba watu 20 watapewa Mew, maombi yakawa takribani 78,000. Hao wote 78,000 walikuwa tayari naye kwenye mifuko ya suruali zao. Walichokuwa wakikiomba ni rekodi.

Nasisitiza hivi kwa sababu dhana hii inawafanya watu wathamini kitu kisicho chenyewe. Wanatafuta kaseti ya mgao kama hirizi, kisha wanachukua Pearl ya mtumba yenye saa mia nne za mtoto fulani wa Ulaya, wanafuta sevu ili waanze upya bila hata kutazama kuna nini. Nimeona kwa macho yangu kadi tatu za hafla zikifutwa namna hiyo, mbele yangu, kabla sijafungua mdomo. Kaseti ya mgao haipungui. Inatangaza, inatangaza tena, na mwenzako akiwa nayo unaweza kupokea kwake kwa dakika moja bila kuinunua. Sevu iliyofutwa ndiyo hairudi. Kwa hiyo ushauri wangu, na nitaurudia hadi niitwe msumbufu: kabla ya kucheza gemu yoyote ya mtumba, tafuta kifaa cha kusomea kaseti kinachochomekwa kwenye kompyuta, nakili sevu iliyomo, uihifadhi mahali pawili. Ndipo ubonyeze unachotaka.

"Seva zilifungwa, kwa hiyo Mystery Gift imekufa"

Nintendo walizima huduma ya intaneti ya DS tarehe 20 Mei 2014. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili, ya kupokea bila waya kutoka DS iliyo karibu, haikuwahi kupita kwenye seva yoyote: ni redio ya DS moja ikizungumza na redio ya DS nyingine. Ndiyo maana kaseti ya yule kijana ilifanya kazi mezani kwangu bila intaneti.

"DS yangu inachezesha Emerald, basi itapokea tiketi za Emerald"

Hii inanikera karibu kama ile ya kwanza, kwa sababu watu huja wamekwisha kununua kila kitu kasoro kile kinachohitajika. DS ya kwanza na DS Lite zina tundu la kaseti za Game Boy Advance, ni kweli. Lakini hazina tundu la waya wa kuunganishia, na redio ya DS haiongei na gemu za GBA. Ukichomeka Emerald humo unacheza peke yako, basi. Mgao wa enzi ya GBA ulipita kwenye waya, au kwenye kile kiungo cha bila waya kilichofungashwa pamoja na FireRed na LeafGreen, Pokémon nyingine za GBA, mwaka 2004, na vyote viwili vinachomekwa juu ya GBA au GBA SP. Nadhani mkanganyiko unatokana na Pal Park, pale Diamond inapowasoma wanyama wa Emerald iliyoko kwenye tundu la chini. Kule Diamond inasoma sevu ya jirani yake. Emerald yenyewe haipokei chochote.

Na tukiwa hapohapo: Ruby na Sapphire, nazo za GBA, hazikitambui kile kiungo cha bila waya hata kidogo. Zilitoka kabla yake. Wenye Ruby na Sapphire kule Marekani walimpata Jirachi kwa diski ya ziada ya Pokémon Colosseum mwaka 2004, kupitia GameCube, mashine ya Nintendo ya kuchezea kwenye runinga, na waya wake wa GBA, naye akaja na jina la mwenyewe WISHMKR. Diski hiyo haimpi mwenye Emerald kitu.

"Kadi ya e-Reader ikishasomwa inaisha nguvu"

Kadi hiyo, inayopitishwa kwenye kisomaji cha GBA kiitwacho e-Reader, ni karatasi yenye nukta zilizochapwa. Haina chipu, haina sumaku, haiandikiwi chochote. Unaipitisha mara elfu ukitaka, mradi usiikwaruze. Teknolojia ya nukta ilitoka kampuni ya Olympus, na mstari mrefu mmoja unabeba takribani kilobaiti 2.2, ule mfupi 1.4. Hapa lakini lazima niwe mkweli kuhusu dhana ya kwanza, maana e-Reader inaivunja kanuni yangu kidogo: kadi za hatua za Super Mario Advance 4 zilibeba hatua zenyewe, yaani mpangilio wa matofali, mashimo na maadui, zikaandikwa kwenye sevu. Hata hivyo picha za matofali na za Mario zilikuwa kwenye kaseti. Kadi ilisema tu kipi kikae wapi. Kadi ya Eon Ticket kwa Ruby na Sapphire ni habari nyingine: inataka GBA mbili na waya, moja ya e-Reader, moja ya gemu. Wateja wengi huja na moja.

"Mashine za DS Download Station zilikuwa zinagawa gemu bure"

Mashine hizo za madukani ziligawa vipande vya gemu vya kujaribia. Viliingia kwenye kumbukumbu ya muda ya DS, megabaiti 4, ukizima vinapotea. Anayekuuzia DS "yenye gemu za Download Station ndani" anakuibia.

"Kwenye Red na Blue, Mew yuko chini ya lori karibu na meli"

Hayuko.

"Betri ikiisha, zawadi zote zimepotea"

Inategemea kaseti, na kutojua tofauti hii kumenigharimu machozi ya wateja. Ruby, Sapphire na Emerald zitakapokuandikia kwamba betri ya ndani imekauka, usizitupe, wala usiziuze kwa bei ya chakavu. Betri hiyo ni ya saa tu. Sevu inakaa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, na tiketi yako iko salama. FireRed na LeafGreen hazina betri kabisa. Lakini zile za zamani zaidi, Red, Blue, Yellow, Gold, Silver na Crystal, zinatunza sevu kwa umeme wa betri ile ndogo, na siku inayokufa au kutolewa, sevu inakwenda nayo.

Mwaka jana dada mmoja aliniletea Yellow ya marehemu kaka yake. Kaka alipewa Mew kwenye hafla huko Ulaya, wakiwa wadogo, na dada alitaka tu kumwona tena kwenye skrini. Gemu haikuwaka vizuri, akaipeleka kwanza kwa fundi mwingine. Fundi akasafisha miguu ya kaseti, akaona betri ni ya zamani, akaing'oa na kuchomelea mpya, kazi safi kabisa. Ilipofika kwangu ilikuwa inawaka bila tatizo, na kwenye skrini ya mwanzo palikuwa na New Game ya kuanza upya, bila Continue ya kuendelea. Voltimita ingetosha kuonyesha kama ile betri bado ilikuwa hai. Dakika tano za kunakili sevu zingetosha kumrudishia Mew wa kaka yake. Kama una kaseti ya aina hiyo nyumbani, usimruhusu mtu aguse chuma cha kulehemu kabla hajakuonyesha faili la sevu kwenye kompyuta yake.