Tuzo ya mwalimu bora haifuati wastani wa KCSE

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, yakitangazwa, ndani ya matatu za Nairobi utasikia kwamba mwalimu bora ni wa shule iliyoongoza, tuzo ni yake. Si kweli. Mkenya Peter Tabichi, aliyeshinda Global Teacher Prize, tuzo ya kimataifa ya mwalimu bora, na dola milioni 1 mwaka 2019, alifundisha hisabati na fizikia Keriko, shule ya kutwa kijijini kaunti ya Nakuru, yenye kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alisifiwa kwa klabu ya sayansi aliyoikuza, ambako wanafunzi walibuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Wastani wa shule hutegemea pia nani walichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Mwalimu wa Mathare, mtaa wa mabanda Nairobi, anayemwinua mtoto kutoka alama ya E hadi C anastahili kupendekezwa kwa tuzo.