Chuma cha kimondo ni chuma gani?

Ni chuma kilichoanguka kutoka angani kikiwa tayari metali. Hakikutolewa kwenye mawe kwa moto wa tanuri. Aliyekiokota alianza moja kwa moja na nyundo. Ukifika Mbozi, mkoani Songwe, utakiona kwa macho: lile pande la karibu mita 3 ni chuma chenye metali ya nikeli ndani yake.

Nikeli hiyo ndiyo inayokitambulisha. Chuma cha vimondo huwa nayo kwa asilimia kadhaa, ilhali chuma cha kale kilichotoka ardhini kwa kawaida kina chembe tu.

Misri imetuachia mifano mizuri kuliko yote. Mwaka 1911, katika makaburi ya Gerzeh, kilomita 70 hivi kusini mwa Cairo, zilifukuliwa shanga 9 za chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Hapo ndipo palipokuwa na fumbo, maana Wamisri walikuja kuzoea kuyeyusha chuma miaka 2,000 na zaidi baadaye. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2013 vilithibitisha kuwa ni chuma cha kimondo. Fundi alikifua kikawa bamba jembamba, kisha akalikunja kama mtu akunjavyo mkeka, likawa kijibomba cha kupitisha uzi. Shanga hizo zilitungwa pamoja na dhahabu na akiki. Kwa hiyo chuma, ambacho leo tunakitupa jalalani, kiliwekwa safu moja na vito.

Kifaa mashuhuri zaidi ni jambia la Tutankhamun, mfalme aliyefariki mnamo 1323 KK. Mwanaakiolojia Howard Carter alilikuta mwaka 1925 ndani ya sanda za maiti, kwenye paja la kulia: mpini wa dhahabu, ala ya dhahabu, ubapa wa chuma usio na kutu ya kutajika. Mwaka 2016 lilipimwa kwa eksirei, bila kukwanguliwa, likakutwa na nikeli karibu asilimia 11. Huenda hata halikufuliwa Misri. Barua za Amarna, yaani barua za wafalme wa Misri na wafalme wa nchi nyingine, zinataja majambia ya chuma miongoni mwa zawadi ambazo Tushratta, mfalme wa Mitanni kule Syria ya kaskazini, alimpelekea Amenhotep III, mfalme wa Misri aliyemtangulia Tutankhamun.

Wamisri wenyewe walikuwa na jina, *bia-n-pet*, yaani chuma cha mbinguni. Wengi hulichukua kuwa ushahidi kwamba walijua kilikotoka. Mimi ningekwenda taratibu: jina hilo linaonekana kwenye maandishi ya karne ya 13 KK, na fundi wa Gerzeh alikuwa amekwisha kuzikwa karibu miaka 2,000 kabla yake.