Jaa la Muda: Huo "Muda" ni Siku Ngapi?

Kila nikipewa sera ya taka niisome, kitu cha kwanza ninachotafuta ni tarakimu moja: taka zinaruhusiwa kulala kituoni siku ngapi? Mara nyingi siikuti. Nakuta idadi ya mapipa yatakayonunuliwa, mikokoteni, glavu na mabuti ya wafanyakazi. Nakuta pia "kituo cha muda cha kukusanyia taka", na neno hilo "muda" limeachwa hivyo hivyo, halina mwisho. Kazi yangu ni kutathmini mipango ya namna hii, na nimezaliwa Lamu, kwa hiyo jambo hili linanigusa mara mbili.

Tuanze na mji wenyewe. Ndani ya Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lori halipiti. Ukitoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukapanda vichochoroni, kuna mahali punda wawili wenye shogi, yaani mifuko ya mizigo mgongoni, wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Basi taka za nyumbani hutoka kwa mkono, kwa mkokoteni au kwa punda hadi mahali palipo wazi, hungoja hapo, na hapo ndipo jaa la muda, kisha ndiyo zipelekwe jaa kuu. Wanaotaka majaa ya muda yafutwe yote nawaelewa, maana wanaishi karibu nayo. Lakini yakifutwa kwenye karatasi yatazuka upya ndani ya magofu na ufukweni.

Hebu tupige hesabu ndogo. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2016 mtu mmoja katika Afrika kusini mwa Sahara alitoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Nyumba 100 za watu sita sita, kwa wastani huo, zinatoa kilo 276 kila siku. Punda hashauriwi kubebeshwa zaidi ya kilo 50 mgongoni, kwa hiyo hizo ni safari sita. Asipopita mzoaji siku tatu tu, siku ya nne inakuta zaidi ya tani moja, yaani safari 23. Hakuna anayezimaliza safari 23 kwa siku. Zinazobaki hulala, na kesho huongezewa nyingine.

Sasa, kwa nini nashikilia siku? Kwa sababu ya inzi na bamvua, yaani maji makuu ya bahari.

Kwa joto letu la pwani, yai la inzi huanguliwa ndani ya siku moja. Funza hula siku nne, tano, kisha huondoka kwenye chakula na kutambaa kutafuta mchanga mkavu wa kujichimbia ageuke inzi. Ukizoa lundo siku ya sita au ya saba, umezoa taka na kuwaacha inzi pale pale chini. Ndiyo maana kwangu mimi taka mbichi, yaani matumbo ya samaki, machicha, maganda na makombo ya wali, mwisho wake ni siku tatu. Kituo kinachozolewa mara moja kwa wiki, hata kiwe na pipa jipya lenye mfuniko, nakihesabu kimeshindwa.

Bamvua nalo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wavuvi hawana haja ya kuelezwa, lakini wanaochagua maeneo ya vituo inaonekana wana haja hiyo. Alasiri moja ya bamvua nilisimama karibu na lundo lililowekwa kando ya njia ya kushukia pwani. Maji yalipanda polepole hadi yakaufikia mguu wa lundo. Vikaelea kwanza vifuu na chupa, kisha pampasi zilizolowa, zikijiviringisha kwenye povu. Mama mmoja akaja na ndoo yake, akanikuta nimeshika daftari. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nitupe wapi? Nyumbani nina jiko na kisima, siwezi kulala na matumbo ya papa." Akamwaga, akaenda zake. Katika ripoti ya robo mwaka ile kituo hicho kiliandikwa "kinafanya kazi", kwa sababu kipimo kilikuwa kama kipo au hakipo.

Kisheria njia ipo. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Watu wengi huona kutenganisha ni adabu ya usafi tu. Mimi naona ni kununua muda. Chupa na madumu yaliyowekwa mahali palipoezekwa yanaweza kungoja mwezi mzima bila kumdhuru mtu, na yana thamani: hapa hapa Lamu plastiki ilitumika kujenga jahazi, Flipflopi, likashushwa majini 2018 na kusafiri hadi Zanzibar 2019. Zikitengwa hizo, safari za kila siku zinabaki za taka mbichi peke yake. Pia punda wetu hawatachakura makombo yaliyochanganyika na plastiki inayokwenda kuziba matumbo yao. Fedha zikitosha jambo moja tu, ningeziweka zote kwenye ndoo ya taka mbichi na mtu wa kuipitia.

Kwenye sera, ningependa kuona sentensi mbili: taka mbichi zisizidi siku tatu kituoni, na kituo kisiwekwe chini ya alama ya maji ya bamvua. Ubao wa kituo uoneshe siku taka zilipozolewa mara ya mwisho, ili mpita njia yeyote ahesabu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilijaribu kwa chaki, kwenye ukuta wa kituo kimoja, kwa ruhusa ya mwenye ukuta. Niliandika tarehe tu. Mkokoteni ulifika siku ya tano. Mzee aliyeusukuma akasimama, akaisoma ile tarehe, akahesabu kwa vidole. Akauliza kama na yeye aandike ya leo. Nikampa chaki.