Siri ya Coca-Cola na mwili wako: maswali na majibu

Ni kweli ilianza kama dawa?

Kweli. John Pemberton, mfamasia wa Atlanta, Marekani, alijeruhiwa vitani mwaka 1865 na baadaye akawa mraibu wa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Alianza kwa kuuza mvinyo wenye koka, mmea ambao majani yake yana kokeini. Atlanta ilipopiga marufuku pombe, akauondoa mvinyo na kutia sharubati ya sukari. Mei 1886 kinywaji kikaanza kuuzwa dukani kwa Jacobs, glasi senti 5, kikisifiwa kuwa kinaondoa uchovu na maumivu ya kichwa. Ugonjwa hakikutibu, kilichomchangamsha mnywaji ni kafeini na koka.

Kokeini bado imo?

Haimo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ilihamia kwenye majani ya koka yaliyokwisha kuondolewa kokeini.

Basi siri yenyewe ni nini?

Ni mchanganyiko wa mafuta ya viungo, kiasi kidogo mno. Orodha zilizowahi kuchapishwa hutaja chungwa, limau, mdalasini, kungumanga, giligilani na maua ya mchungwa, lakini kampuni haijathibitisha hata moja. Haikuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa sababu hataza hudai uandike kila kitu wazi. Ila kwa afya yako, siri hiyo si kitu. Vinavyougusa mwili vimeandikwa kwenye kopo: sukari, asidi ya fosforiki na kafeini.

Naweza kuitengeneza nyumbani?

Wengi hujaribu na hukwama palepale: mafuta hayachanganyiki na maji, huelea juu, na anayekunywa mwanzo hupata mafuta makali yanayounguza mdomo. Viwandani huyeyushwa kwanza kwa kilevi au hushikiliwa na gundi ya mgunga. Hatari kubwa zaidi ni unga wa kafeini tupu. Kijiko kimoja cha chai kina kafeini ya takriban vikombe 28 vya kahawa, na kinaweza kuua. Usiuguse kabisa, mizani ya jikoni haiwezi kupima kiasi salama.

Kopo moja lina sukari kiasi gani?

Kopo la Marekani la mililita 355 lina gramu 39, karibu vijiko 10 vya chai, na kafeini miligramu 34 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Ulimi hausikii utamu wote huo kwa sababu asidi na ubaridi huufunika.

Isiyo na sukari ni salama kwa meno?

Si salama kabisa. Tabaka la nje la jino huanza kuyeyuka pH (kipimo cha ukali wa asidi, kadiri kilivyo chini ndivyo asidi ilivyo kali) ikishuka chini ya 5.5 hivi, kola yenye sukari ina takriban 2.5, na isiyo na sukari nayo ni kali. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa hudhuru kuliko kunywa mara moja pamoja na chakula. Sukutua kwa maji, kisha ngoja saa moja ndipo upige mswaki, maana tabaka lililolainika hukwanguka.

Mwenye kisukari ambaye sukari yake ya damu imeshuka anaweza kuinywa?

Ndiyo, yenye sukari pekee. Mililita 150 hivi hutoa gramu 15 au zaidi kidogo. Soma kopo, kwani nchi hutofautiana. Pima tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa bado iko chini. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni. Piga simu ya dharura mara moja.