Siki na magadi, kila kimoja na uchafu wake

Kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa haukosekani ujumbe wa "dawa moja ya kila kitu": changanya siki, magadi, sabuni na Jik kidogo, tia kwenye chupa, nyumba nzima itang'aa. Ujumbe huo unaniumiza kichwa, maana una hatari ndani yake, na nitaieleza. Mimi nafundisha usafi wa vyumba kwa vijana wanaojiandaa kufanya kazi hotelini. Kabla hawajashika dodoki, nawataka waniambie kwanza uchafu ulio mbele yao umetokana na nini.

Uchafu sugu wa nyumbani mwingi ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mafuta: ukuta wa nyuma ya jiko, mapangaboi, vishikio vya makabati. Huu hutolewa na sabuni, magadi au majivu. Bibi zetu waliosugua sufuria kwa majivu na kumbi la nazi walijua wanachofanya, kwa sababu majivu ya kuni yana potasi, nayo ikikutana na mafuta na maji hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni. Kwa jiko lililoganda mafuta, koroga vijiko 2 vya chakula vya magadi kwenye lita 1 ya maji ya moto, lowanisha kitambaa, kilaze juu ya doa robo saa, kisha futa. Vaa glovu, magadi yanachubua ngozi. Na usiyatumie kwenye sufuria za aluminiamu, zitafanya weusi.

Uchafu wa pili ni wa maji yenyewe. Wakazi wa Dar es Salaam wanaotumia maji ya kisima wanaufahamu vizuri: ukoko mweupe ndani ya birika la umeme, bomba la mvua lililoziba matundu, utando wa kijivu kwenye malumalu za bafuni. Maji hayo yana madini ya kalsiamu. Yakichemka, madini hayo huganda yakawa kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa. Unaweza kusugua kwa sabuni mpaka mkono uchoke na ukoko usitoke, kwa sababu kinachouyeyusha ni uchachu. Tia kwenye birika siki na maji kwa kipimo sawa, chemsha, zima, acha nusu saa. Utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye ukoko: hiyo ni hewa ya kaboni inatoka, chokaa inaisha. Mwaga, suuza mara mbili, chemsha maji matupu mara moja, umwage. Bomba la mvua lifunge mfuko wa plastiki wenye siki usiku kucha. Ndimu na ukwaju hufanya kazi hiyohiyo, na ndivyo vinavyorudisha weupe wa sufuria ya aluminiamu.

Ila siki isiguse sakafu ya terazo wala marumaru halisi. Mawe hayo nayo ni chokaa, yatapoteza mng'aro na hautarudi bila fundi wa kupiga polishi.

Sasa turudi kwenye ule mchanganyiko. Siki na magadi ukivitia pamoja vinafoka, watu wanafurahia, lakini vinakuwa vimemalizana nguvu. Kinachobaki ni karibu maji ya chumvi tu. Siki ukiitia kwenye maji ya sabuni ya mche, sabuni inakatika na kufanya madonge meupe. Hayo ni hasara tu. Hatari iko kwenye Jik, au dawa nyingine yoyote ya klorini: ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye tindikali, hutoa gesi ya klorini, ambayo inachoma macho na mapafu. Bafu zetu ni finyu, dirisha ni dogo, na anayesafisha mara nyingi ameinama kabisa juu ya choo. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na hiyo nyingine ibaki kwa siku nyingine. Klorini pia haipiti kwenye uchafu, kwa hiyo osha kwanza kwa sabuni ndipo uitumie. Ukishaichanganya na maji, itumie siku hiyohiyo.

Yote haya hayasaidii kitu kama nyumba imejaa. Huwezi kudeki chini ya maboksi. Mimi husema anzeni na makopo: ndoo za rangi, madumu yaliyopasuka, vifuniko ambavyo vyombo vyake vilipotea zamani. Kilichoko uani kinashika mvua, na mbu wa Aedes anayeeneza homa ya dengi, iliyotusumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji ya namna hiyo. Mayai yake hung'ang'ania kwenye kingo za chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja mvua, kwa hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi. Chombo unachobaki nacho kisugue kwa brashi, kisha kiinamishe. Ndani ya nyumba, maboksi ya karatasi ndiyo makazi ya mende. Madaftari ya watoto unayotaka kuyatunza yahamishie kwenye ndoo yenye mfuniko. Nguo zigawe wikiendi hiyohiyo, maana mfuko unaosubiri mlangoni hurudi kabatini.

Katika kupanga huko, msitumie tena chupa za soda na za maji ya kunywa kwa ajili ya kuwekea dawa, mafuta ya taa au klorini ya kupima. Mtoto wa miaka miwili anaijua chupa ya soda. Dawa ibaki kwenye chombo chake, juu, kabati lifungwe. Akishakunywa, msimtapishe, kwa sababu kinachopanda huunguza koo mara ya pili, na mafuta ya taa huingia mapafuni. Msikae mkimnywesha maziwa mkingoja hali ibadilike. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa yenyewe muibebe.