Jaji wa federali Marekani ni nani, anafikaje pale na kwanini hafukuzwi

Kila ikitangazwa kwamba jaji mmoja wa Marekani kasimamisha amri ya rais, watu wanauliza kwanini rais asimfukuze kazi yaishe. Jibu ni kwamba hana uwezo huo. Jaji wa federali, yaani wa mahakama za serikali kuu na siyo za jimbo, analindwa na ibara ya 3 ya katiba yao, inasema atashika wadhifa muda wote akiwa na mwenendo mwema na mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Hakuna mkataba wa kuongeza, hakuna umri wa kustaafu kwa lazima, wakati Kenya jaji akigonga miaka 70 anaondoka. Rais akichukia uamuzi anakata rufaa kama mtu mwingine. Kumng'oa ni mpaka Baraza la Wawakilishi limshtaki na Seneti imtie hatiani kwa theluthi mbili, na tangu nchi ianze majaji wa namna hiyo walioondolewa ni 8 tu.

Mahakama zenyewe ni ngazi tatu. Chini kuna 94 za wilaya ambako mashahidi wanasikilizwa, juu yake 13 za rufaa, kileleni Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Majaji wa majimbo ni habari nyingine, sehemu nyingi wanapigiwa kura kabisa.

Sasa njia ya kufika pale. Katiba haidai hata digrii ya sheria wala umri fulani, lakini kiuhalisia ni chuo miaka 4, sheria miaka 3, mtihani wa uwakili, wengine wanaanza kwa kumsaidia jaji kama karani wake, kupekua sheria na kuandika rasimu za hukumu, alafu inafuata miaka mingi ya uwakili au uendeshaji mashtaka au ujaji wa jimbo. Na hata ukiwa na yote hayo bado unahitaji kujulikana, hasa na maseneta wa jimbo lako, maana kwa desturi seneta wa nyumbani akigoma jina lako linaweza kulala hapo hapo. Rais anateua, FBI, wapelelezi wa serikali kuu, wanachimbua maisha yako, kamati ya Seneti inakuhoji hadharani, ndo Seneti nzima inapiga kura.

Mfano ninaoupenda ni Constance Baker Motley. Kazaliwa New Haven mwaka 1921, wazazi wametoka kisiwa cha Nevis huko Karibiani, baba mpishi, hela ya chuo hakuna, mpaka tajiri mmoja wa mji ule alipomsikia akihutubia akaamua kumlipia. Akamaliza sheria Columbia 1946 na kufanya kazi na Thurgood Marshall, wakili maarufu wa haki za watu weusi, yule yule aliyekwenda London 1960 kuwashauri viongozi wa Kenya kuhusu haki za raia kwenye mazungumzo ya katiba ya Lancaster House. Motley ndiye alimpigania James Meredith mpaka Chuo Kikuu cha Mississippi kikampokea mwanafunzi mweusi 1962, na kesi 10 alizosimamia mbele ya Mahakama ya Juu alishinda 9. Mwaka 1966 Rais Johnson akampendekeza awe jaji wa wilaya New York. Mwenyekiti wa kamati ya Seneti alikuwa James Eastland, seneta wa Mississippi, jimbo ambalo mama huyu alilishinda mahakamani, na akalikalia jina lake miezi kadhaa. Lilipita Agosti, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa federali.

Hapo ndo unaona kinga ile ya kutofukuzwa inafanya kazi gani. 1975 alipewa kesi ya wanawake wanaodai ofisi kubwa ya mawakili iliwabagua, mawakili wa ofisi ile wakamtaka ajitoe kwa kuwa yeye ni mwanamke na mweusi. Akakataa, akasema kama jinsia au rangi ni sababu ya kujitoa basi hakuna jaji yeyote wa mahakama ile angeweza kuisikiliza, kwa sababu wote wana jinsia na rangi. Mtu anayesubiri kuongezewa mkataba na wakubwa angepata tabu kusema vile.

Kazi ya kila siku haina shamrashamra, ni makaratasi mengi, maombi ya mawakili, kupanga adhabu, na kesi nyingi zinaisha kwa makubaliano kabla ya kusikilizwa. Mshahara wa jaji wa wilaya mwaka 2024 ulikuwa dola 243,300, ni hela nzuri ila mawakili wakubwa wa New York wanaizidi mbali.

Akifika miaka 65 na ametumikia 15 anaweza kupunguza mzigo, abaki jaji mwandamizi, anaendelea na kesi chache na kiti chake kinajazwa na mwingine. Motley alifanya hivyo 1986 akabaki jaji mpaka alipofariki 2005. Wesley Brown wa Kansas, aliyeteuliwa na Kennedy 1962, alikuwa anasikiliza kesi na mrija wa oksijeni puani, akafariki 2012 akiwa jaji bado, miaka 104. Ila wapo wanaosubiri rais wa chama kilichowateua arudi Ikulu ndo waachie kiti, sheria inawaruhusu lakini mimi naona wanakosea, kinga ile walipewa ili wasiwe na deni kwa chama chochote.